Landrova ya Nchi za Joto

Mbele yangu katika basi la Wasso, Thomasi, mkulima wa Karatu, alimweleza mfugaji Ngoyai kwamba anakwenda kuchukua Landrova ya kumpeleka binti yake kanisani kufunga ndoa Jumamosi. "Injini yake ilitengenezwa kwa ajili ya Uarabuni," alijigamba.

"Basi usiipandishe milimani ghafla," Ngoyai alisema. "Ng'ombe wa nchi ya joto hukohoa kule juu. Iache kwangu Olbalbal, chini ya milima, mpaka mvua, izoee." "Na harusi?" "Binti atembee. Yeye ameshazoea." "Mzee, gari halina mapafu." "Na ule moshi hutoka wapi?"

Basi liliposimama Olbalbal, Ngoyai alishuka. Thomasi akatoa kichwa dirishani. "Mzee, mlango wa zizi lako una upana gani?"