Mwalimu Batuli Anakiaga Chumba cha Mifupa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Batuli Hasani anastaafu baada ya kufundisha Biolojia kwa miaka thelathini na minne, yote katika shule yetu hii iliyo nje kidogo ya Mvumi. Kamati ya sherehe imenitaka niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa ukweli ni kwamba wengi wetu tunakuja kwenye sherehe hii shingo upande.

Alizaliwa Busi, Kondoa, kwa wakulima wa alizeti. Alipopangiwa kuja huku hakujua Kigogo hata cha salamu. Alikuta maabara isiyo na maji wala darubini, akaanza kuokota. Methusela, mwenye bucha pale sokoni, akawa anamwekea miguu ya mbuzi. Wachuuzi wa samaki wa Mtera wakamletea kambale. Likizo moja alikwenda Tanga kumsalimu dada yake, akarudi na sifongo ya baharini na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Abiria wenzake kwenye basi walilalamikia harufu njia nzima. Wanafunzi wakaiita maabara ile Chumba cha Mifupa, na jina likaganda.

Hakuwapanga wanyama wake kwa ukubwa wala kwa uzuri. Aliwapanga kwa kile alichokiita ramani ya mwili. Mlangoni unaanza na sifongo, asiye na mbele wala nyuma. Anafuata kiti cha pweza, ambaye kila mkono wake umetoka katikati kama mwenzake. Kisha wanakuja wale wenye kichwa kinachotangulia na pande mbili zinazolingana: nyungunyungu mwenye pingili, jongoo, panzi, na nge anayevaa mifupa yake kwa nje. Ukutani kabisa ndipo wanapokaa wenye uti wa mgongo, kuanzia kambale na chura hadi kenge, kuku, popo na mbuzi.

Hapo ndipo alipokuwa akilifikia somo alilolipenda kuliko yote. Atakushikisha bawa la popo, kisha mguu wa mbele wa mbuzi, kisha atakuambia upapase mkono wako mwenyewe. Mfupa mmoja juu, miwili chini yake, halafu ile midogo midogo. "Ramani ni ile ile," atasema. "Nyumba ndizo zilizobadilika, kidogo kidogo, vizazi kwa vizazi." Baada ya somo hilo hakuna mwanafunzi aliyekula nyama kwa amani. Wapishi waliwahi kupeleka malalamiko kwa mkuu wa shule kwamba paka wa jikoni wamekonda kwa sababu mifupa yote inaishia kwa Madam.

Wanafunzi wake wamo katika hospitali na zahanati nyingi za mkoa huu. Erica, daktari wa mifugo kule Kibakwe, hadi leo humpigia simu akikwama. Matokeo ya somo lake mnayajua, sitayarudia.

Liko jambo moja ambalo mwenyewe ameniomba niliandike. Nilimwambia makala ya kuaga si mahali pake. Akanijibu, "Luka, andika. Usiniandike kama marehemu."

Mwaka 2006 kulikuwa na binti wa Kidato cha Nne aitwaye Loisi, ambaye Mwalimu Batuli anasema hajapata mwingine kama yeye. Wiki walipofika mada ya mageuko ya viumbe, baba yake, Mzee Bartolomayo, mzee wa kanisa, alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Alisimama uwanjani na fimbo yake, akatusalimu wote, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, umemfundisha mwanangu kwamba babu yangu alikuwa nyani?"

Mwalimu Batuli alikuwa ametoka vipindi vinne mfululizo. Alijibu, "Hapana, mzee. Nyani si babu yako, ni binamu yako."

Jibu lilikuwa sahihi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Loisi, chukua begi lako."

Jumamosi yake Mwalimu alimfuata nyumbani. Alikaribishwa kigoda, akapewa ugali na mlenda. Akaeleza mada yote kwa makini, hata akasema kwamba yeye mwenyewe anaswali swala tano na haoni ugomvi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuja kuuliza. Wewe ukawajibu watoto, hukunijibu mimi."

Mzee alikusudia kumtafutia binti shule nyingine. Katikati ya mwaka hakukuwa na nafasi, na mvua za msimu ule zilikuwa zimekatika mapema, hivyo hakukuwa na mavuno ya kulipia ada. Loisi akapelekwa kwa shangazi yake Dodoma mjini, akajifunza kushona. Mtihani wa Kidato cha Nne hakuufanya.

"Nilikwenda kueleza," Mwalimu Batuli huniambia. "Sikwenda kuomba radhi." Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mada ile, amekuwa akiwaita wazazi ndani ya Chumba cha Mifupa bila wanafunzi, waulize watakalo. Wengine huondoka hawajakubali, lakini hakuna anayeondoka amechekwa. Mzee Bartolomayo hakuja hata mara moja. Alipofariki, Mwalimu alikwenda msibani, akakaa na akina mama, akarudi bila kumwambia mtu kitu.

Januari mwaka huu Loisi alirejea kuishi nyumbani kwa marehemu baba yake. Alikuja kumwandikisha binti yake, Ruthu, Kidato cha Kwanza.

"Shikamoo, Madam. Nimekuletea mwanangu, nataka umfundishe wewe."

"Marahaba, mwanangu. Nastaafu mwezi wa sita."

Kisha Mwalimu akamwomba radhi, kwa ajili ya kicheko kile, palepale mlangoni mwa ofisi, mbele yetu.

"Baba hakukuchukia, Madam," Loisi alisema. "Alikuwa anakungoja tu."

Mwalimu Batuli aliketi kwenye benchi la wageni, akajifunika uso kwa mtandio. Loisi akaketi karibu naye. Kisha akasema, "Basi nifundishe mimi." Tangu wiki ile wanakutana kila Jumamosi. Kama atafanya mtihani akiwa mtahiniwa binafsi, mwenyewe bado hajaamua, na hakuna anayemharakisha.

Hadi tunachapa ratiba hii ya sherehe hatujaletewa mwalimu mwingine wa Biolojia. Jumatatu kipindi cha pili, Kidato cha Tatu watakaa darasani wakijisomea, nasi tutapita dirishani tukijifanya tuna shughuli.

Mwalimu Batuli, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa kutuonyesha kwamba hata mtu mzima anaweza kujirekebisha. Alizeti yako ya Busi istawi, magoti yasikusumbue, na Mwenyezi Mungu akupe uzee wenye utulivu. Tulitamani ubaki. Hatukukuambia mapema kwa sababu tulidhani tuna muda.

Luka Madeje
Idara ya Jiografia