Karamu ya Alkarim

Duka la Alkarim liliuza vifaa vya kuandikia, na mbele yake palikuwa na benchi refu la mninga ambalo marehemu baba yake, mzee Fatehali, alilichongesha ili wateja wakae wajaribu kalamu bila haraka. Miaka ya tisini ilipoingia, mambo yakawa ruksa na Mwanza ikajaa bidhaa hadi juu ya mitaro. Wateja wa Alkarim wakapungua, lakini benchi halikuwahi kupoa. Kila asubuhi walikuwepo watatu. Machibya aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Jonathan aliitwa Waziri kwa kuwa alivaa suti ya mtumba hata siku ya kwenda kununua dagaa. Wa tatu alikuwa Luhaga, karani mstaafu wa kinu cha pamba, ambaye mwandiko wake mzuri ulimpa jina la Mzee Hati. Getruda, muuza kahawa, aliweka jiko lake pembeni, na Alkarim akatoa nje trei ya kalamu za wino, vichupa kadhaa na karatasi za kujaribia, kama alivyofanya baba yake.

Zilikuwa kalamu za bei nafuu, za kutoka China na India, ambazo hata mwalimu wa shule ya msingi aliweza kununua bila kulala njaa. Utamu wake ulikuwa kwenye nibu, ile ncha ya chuma inayoshusha wino. Iliyokuwa nyembamba ilikwaruza karatasi kama kuku anayetafuta punje, na iliyokuwa nene ilimwaga wino ukang'aa kwanza kabla ya kunywewa. Waziri alipenda nene na wino mweusi, kwani alisema saini ya mkubwa lazima ionekane toka mlangoni. Redio alipenda wino wa zambarau. Luhaga yeye alikuwa na moja tu moyoni, kalamu ya kijani yenye nibu ya mshazari, ambayo mstari wake ulikuwa mnene ukishuka na mwembamba ukienda pembeni, na ukiiwekea wino wa bluu-nyeusi hata orodha ya sokoni ilionekana kama cheti cha ndoa.

Zote zilijaribiwa kwa neno moja, Ng'wanza, yaani Mwanza kwa Kisukuma, maana Redio alishikilia kwamba ile alama ya juu ndiyo mtihani. Nibu mbovu ingedondosha tone palepale. Redio huyohuyo hakuweza kutamka kalamu. Alisema karamu, na kwa miaka mingi Waziri hakuchoka kumwambia kwamba karamu ni ya pilau, haichovywi kwenye wino.

Mfukoni, hata hivyo, wote watatu walichomeka bik, kalamu za plastiki zisizojazwa wino, zile za kununua kwa machinga aliyekaa ng'ambo ya barabara. Ukiwauliza, jibu lilikuwa moja: ya wino iko nyumbani, hii ni ya kutembelea. Luhaga hakujua ukweli wa wenzake, ila wa kwake aliujua. Nyumbani kwake Mkolani hapakuwa na kalamu ya wino. Hakuwahi kununua hata moja, kwa sababu ile ya kijani aliikuta kwenye trei kila asubuhi, imeshajazwa, inamngoja. Siku moja mzee Fatehali alimuuliza kama anayo, Luhaga akaona haya, akasema iko nyumbani. Tangu siku hiyo akawa hana pa kuanzia kulirudisha neno lake.

Asubuhi hii ilikuwa ya mwisho. Alkarim na mkewe Shamsha walikuwa wanahamia Kanada kwa ndugu zao, na duka lilikuwa linafungwa moja kwa moja. Luhaga alikuja na nia. Angeinunua ile ya kijani, na akishaishika angemwambia Alkarim ukweli, waagane akiwa mtu safi. Tatizo lilikuwa benchi. Angenunuaje kalamu mbele ya watu waliokuwa wakisikia sifa za ile ya nyumbani miaka yote? Akaamua kusubiri waondoke. Lakini hawakuondoka, maana walikuwa na kesi ya kuamua: nani ameliua duka.

— Ni sangara, Redio alianza. — Watu wote wamekimbilia viwanda vya minofu. Mkono wenye mafuta ya samaki haushiki karamu ya wino. Inateleza. Bik haitelezi.

— Kalamu, bwana, alisema Waziri. — Na sangara unamsingizia. Hii ni mipango ya wakubwa wa nje. Nibu inamtoa mtu hadharani, ukisoma unajua huyu kashiba, huyu ana hasira. Bik inaficha. Wametuletea bik nchi nzima ili tukilalamika, malalamiko yetu yote yafanane.

Getruda alimuuliza kama na kahawa anayokunywa kwa ahadi ni mipango ya wakubwa wa nje. Waziri alijifanya kukohoa. Redio akasogea mbele, sauti ikashuka, na walipomwona vile walijua linakuja kubwa.

— Haya niambieni. Wino uliomwagika hapa tangu enzi za Fatehali ulikwenda wapi? Mtaroni. Mtaro unakwenda wapi? Ziwani. Na haya magugu maji yaliyoziba ziwa mpaka kule Kamanga, maua yake rangi gani?

— Zambarau, alisema Getruda.

— Nimemaliza. Yamekunywa wino wa duka hili. Wataalamu wanahangaika kutafuta dawa, kumbe dawa ni kumfunga Alkarim.

Walicheka, na Alkarim naye alisikika akicheka ndani, katikati ya maboksi. Luhaga hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ya kijani kwenye trei na kujiambia, sasa hivi, nikimaliza kikombe hiki.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja mwenye mkoba wa mkeka, akawaamkia shikamooni, wakamwitikia marahaba. Alijitambulisha kuwa anaitwa Hellen, mwalimu kutoka Sengerema, amevuka na kivuko asubuhi ile. Alikuwa ameajiriwa karibuni, na alitaka kalamu ya wino, ya kwanza maishani mwake, ila hakujua achague ipi. Alkarim alichungulia mlangoni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

— Muulize Mzee Hati, alisema. — Hizo anazijua zote kuliko mimi.

Hellen akamgeukia Luhaga na trei mikononi. Neno moja tu lingetosha. Angesema ile ya kijani ina mwenyewe, au angemwelekeza kwenye nyembamba, nayo ilikuwa nzuri. Lakini kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kuulizwa, na sifa ni ugonjwa. Ulimi ulitangulia.

— Ya kijani, alisema. — Ina nibu ya mshazari. Usiikandamize, iache itembee yenyewe. Na uitilie bluu-nyeusi.

— Andika Ng'wanza, Redio aliagiza.

Binti aliandika polepole, ulimi kwenye kona ya mdomo. Ile alama ya juu ilitoka safi, bila tone. Akaitazama karatasi muda mrefu, akatabasamu, na Luhaga akajua kalamu imekwenda. Alibaki kama mtu aliyeachwa na meli.

— Na ninyi mnazo kama hizi? Hellen aliuliza.

— Yangu iko nyumbani, alisema Redio.

— Na mimi yangu nimeiacha nyumbani, alisema Waziri.

Binti akamtazama Luhaga. Luhaga akasikia sauti yake mwenyewe ikisema nyumbani.

Hellen alitazama bik tatu zilizochomekwa kwenye mifuko mitatu. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu.

— Zote?

Redio alikodolea macho kikombe chake. Waziri alirekebisha koti. Getruda akaanza kukusanya vikombe, ingawa birika lilikuwa bado zito, na akawaambia kahawa imekwisha. Hellen aliingia ndani, akalipa, akatoka na kalamu ya kijani kwenye mkoba, akawaaga vizuri na kuteremka kuelekea kivukoni.

Alkarim alitoka nyuma yake akiwa ameshika kichupa cha mwisho cha wino wa bluu-nyeusi, na akamwekea Luhaga kiganjani.

— Hiki ni zawadi, ndugu yangu. Nikishaondoka sijui utapata wapi wino wa ile yako ya nyumbani. Baba alikuwa akisema, Luhaga ndiye anayejua kutunza kalamu.

Luhaga alimtazama usoni akitafuta kejeli. Angeipata angefurahi, maana ingekuwa wamemalizana. Hapakuwa na kejeli yoyote. Alkarim alimwamini, kama baba yake alivyomwamini, na macho yalikuwa yamemlegea kwa kuagana. Nafasi ya kusema sina ilikuwa ndiyo hii, na nyingine isingekuja.

— Asante sana, Luhaga alisema. — Nitaijaza leo leo.

Alijuta kabla hata hajafunga mdomo. Alkarim alimkumbatia, akawapa wengine mikono, akaingiza trei ndani na kushusha mlango wa chuma. Wale watatu walibaki kwenye benchi hawajui waondoke au wakae. Luhaga alikitia kichupa kwenye mfuko wa shati, kikagongana na bik.

— Basi, alisema Redio kwa sauti ndogo. — Karamu imekwisha.

Waziri alifungua mdomo amsahihishe, kisha akaufunga.