Kompyuta Iliyoachwa Ikiwaka Lugoba

Amani iwe nanyi, wasikilizaji wapendwa, mlioko Bagamoyo, Chalinze, Lugoba na kwingineko. Leo tunamkumbuka Abdulswamad Ishaka, fundi wa kompyuta. Alifariki akiwa na miaka arobaini na minne. Kesho ni arobaini yake.

Abdulswamad alizaliwa Lugoba, kando ya barabara kuu. Mama yake, Bi Mwanamvua, anasema mtoto huyu alikuwa na mkono usiotulia. "Redio ya baba yake aliifungua mara tatu. Mara mbili akaitengeneza. Ya tatu tukanunua nyingine."

Alipokua, aliajiriwa na shirika dogo lenye zahanati tatu. Zahanati za Lugoba na Chalinze zina mashine za eksirei, lakini daktari wa kuzisoma picha ni mmoja tu, naye yuko Bagamoyo. Zamani picha zilisafiri ndani ya bahasha, mikononi mwa abiria, nazo zikafika zimekunjwa. Abdulswamad akaweka seva Bagamoyo, yaani kompyuta kuu inayopokea picha kutoka zahanati nyingine. Picha ikipigwa Lugoba asubuhi, daktari anaisoma kabla chai yake haijapoa. Kutuma picha kwa simu za mkononi alikukataza kabisa. "Kifua cha mtu ni sitara yake," alikuwa akisema.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja, Mardhiya, binti wa Bagamoyo mjini, aliyemkabidhi ulinzi wa seva hiyo. Alimwachia sheria mbili. Mtu akiondoka kazini, neno lake la siri libadilishwe mara moja. Na anayekosea neno la siri mara tano, seva iifunge anwani ya mtandao aliyotokea.

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, Abdulswamad alitoka ofisini kwake, katika zahanati ya Lugoba, kwenda dukani mara moja. Hakurudi. Moyo wake ulisimama njiani. Ijumaa akazikwa.

Jioni ile Bi Mwanamvua aliingia ofisini kwa mwanawe. Kofia ilikuwa juu ya kiti, miwani mezani, kompyuta ikiwaka. Akafunga mlango, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. "Kisiguswe kitu mpaka arobaini," alisema. Nani angembishia mama aliyetoka kuzika?

Jumamosi, Mardhiya alikaa peke yake mbele ya seva, akabadilisha neno la siri la mwalimu wake. Wanawake hawaendi kaburini; anasema kwake yeye hayo ndiyo yalikuwa mazishi.

Jumatatu kazi ikaanza. Seva ikaikataa Lugoba. Chalinze wanaingia, Lugoba wanakataliwa. Majaliwa, tabibu wa Lugoba, alipiga simu kila baada ya dakika chache.

"Hebu jaribu sasa, kaka," Mardhiya alimwambia.

"Nimejaribu. Seva yako ina kiburi kuliko mkwe wangu! Lakini dada, utani tuuache. Nina mjamzito hapa, Hajra, miezi saba, anahema kama aliyekimbia. Picha yake ninayo. Daktari hana."

Mardhiya aliikagua seva. Ilikuwa nzima. Aliukagua mtandao. Ulikuwa mzima. Anwani ya Lugoba ilikuwa imefungwa, akaifungua. Baada ya dakika tano ikajifunga tena. Ndipo Jumanne alipofungua kumbukumbu za seva, akasoma mstari kwa mstari nani amebisha na nani amekataliwa. Jina lilikuwa moja, kila dakika, tangu Jumamosi: Abdulswamad.

Kompyuta ya marehemu, mle ofisini mlimofungwa, ilikuwa bado ikijaribu kuingia yenyewe kwa neno la siri la zamani. Na kwa kuwa kompyuta zote za Lugoba hutoka kwa anwani moja, seva ilipomkataa yeye, iliwakataa wote.

Mardhiya angeweza kuilegeza sheria. Hakutaka, maana ndiyo iliyolinda sitara ya wagonjwa. Jumatano alfajiri alikwenda Lugoba. Majaliwa akamwonyesha nyumba ya Bi Mwanamvua. "Ufunguo anao yeye. Mimi siombi. Nenda wewe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na uso wa haja."

Akamweleza yote. Bi Mwanamvua alisikiliza hadi mwisho.

"Unataka nimzime mwanangu?"

"Si yeye, mama. Ni kompyuta tu."

"Inabisha kwa jina la nani?"

"Lake."

"Na anayemkatalia ni nani?"

Mardhiya aliinama. "Ni mimi, mama. Alinifundisha mwenyewe."

Mama alilipapasa pindo la kanga yake. Kisha akauliza, "Huyo mjamzito ana mama?"

"Anaye. Yuko naye pale kwenye benchi la zahanati."

Bi Mwanamvua alilifungua pindo la kanga.

Ofisini hakuruhusu mtu mwingine aguse. Aliuliza kitufe ni kipi, akaoneshwa. Akaweka kiganja juu ya kompyuta, ilikuwa na joto. "Baba, umebisha vya kutosha," alisema. "Pumzika." Akabonyeza.

Mchana ule picha ya Hajra ilifika Bagamoyo. Daktari aliona maji kifuani, akaagiza apelekwe hospitali saa ileile. Hadi leo Hajra yuko wodini, na mimba yake ingalipo.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bi Mwanamvua, kwa mjane wa marehemu, Adila, aliye edani, na kwa watoto wao wawili. Tunampa pole Mardhiya pia. Mwanafunzi hakai mkekani na wafiwa, lakini naye amefiwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdulswamad Ishaka. Nasi tuliobaki, kila mmoja nyumbani kwake, tujiulize: ni mlango gani tumeufunga kwa kumpenda marehemu, na ni nani aliye hai anayesubiri nje?