Risala ya Wanachama wa Karrawilla Kuhusu Kombe la Wanandoa na Jumamosi ya Machi Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Graeme Tilbrook, mbunge wetu, mkewe Mama Elspeth Tilbrook, Mwenyekiti wa klabu, mchungaji, wanachama na majirani mliokuja kwa ajili ya kivuli na mliokuja kwa ajili ya chakula:

Sisi wanachama wa Klabu ya Matufe ya Nyasi ya Karrawilla, arobaini na mmoja kwa hesabu ya leo asubuhi, tunakukaribisha nyumbani. Hatusemi nyumbani kwa adabu tu. Tufe lako la kwanza uliliviringisha hapa ukiwa na miaka tisa, likakipita kitufe cheupe cha kulengwa, likavuka uwanja mzima likavunja chungu cha maua cha mama yangu. Umekuja kutufungulia paa jipya la kivuli, nasi tunashukuru. Mimi ni Noeline Trezise, katibu. Risala hii imeandikwa na kamati ya watu sita, na kila sentensi imepigiwa kura. Mkisikia mahali inayumba, ni pale kura zilipokaribiana.

HISTORIA FUPI

Klabu ilianza mwaka 1951, na mwaka huohuo likaanzishwa Kombe la Wanandoa, ambalo hushindaniwa na mume na mkewe. Kwa miaka kumi na moja mfululizo, hadi mwaka jana, kombe hilo lilikaa juu ya friji ya Colin na Glad Schirmer. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu Colin ndiye anayekata nyasi.

Mwaka 1979 alifika hapa kijana anaitwa Merv Oaten, kuja kukata manyoya ya kondoo wa Des Kernich kwa wiki mbili. Wiki zilipokwisha hakuondoka. Sisi tukamwita mpangaji wa Des. Tulimwita hivyo miaka thelathini na minane, ingawa nyumba ya Des ina chumba kimoja cha kulala, na tulilijua hilo sote, maana dhoruba ilipong'oa bati zake ni sisi tuliopanda kuezeka upya. Tulishuka ngazi, tukanywa chai yao, hatukuuliza kitu. Ukimya ule tuliuita heshima. Kamati imekubaliana, kwa kura nne dhidi ya mbili, kwamba ulikuwa uoga, na kwa kiasi fulani uvivu.

Des na Merv walicheza hapa kila Jumamosi. Walishinda kila kombe la wawili isipokuwa hilo la Wanandoa, ambalo siku ya kushindaniwa wao walikuwa jikoni wakitupikia soseji.

Ndipo mwaka jana zikaja kwa posta zile karatasi za kuuliza nchi nzima kama watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana. Mheshimiwa, hapa mjini hatujawahi kugombana vile tangu tulipobadilisha aina ya nyasi. Colin alizunguka nyumba kwa nyumba na pikapu yake kuwaambia watu waandike hapana. Kwenye mkutano wa klabu alisimama akasema mila ni mila, ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba wawili hawa wakioana kombe litahama mtaa. Glad, aliyeolewa naye miaka arobaini na nne iliyopita, akamuuliza bila kuacha kufuma:

"Sasa Colin, hapo unasemea ndoa au unasemea kombe?"

"Vyote viwili," akasema Colin.

Wengine nao walisema yao. Mchungaji alisema Maandiko yako wazi. Mwenye duka alisema yeye hana neno ila wasishikane mikono mbele ya wateja, akakumbushwa kwamba yeye na mkewe hawajashikana mikono mbele ya mtu yeyote tangu walipooana. Des na Merv walikaa mstari wa nyuma wakisikiliza. Mkutano ulipokwisha walibaki kuosha vikombe.

MAFANIKIO

Fanikio letu la kwanza lilianza kwa mtu kuanguka.

Mwezi Septemba Merv alipanda ngazi kusafisha gata la klabu la maji ya mvua, gata hilohilo mnaloliona, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alipelekwa hospitali ya mji mkubwa, mwendo wa saa mbili, na Des akafuata nyuma. Kufika mapokezi akaulizwa: wewe ni nani wake? Mheshimiwa, mtu akijizoeza jibu moja kwa miaka thelathini na minane, ulimi hauulizi ruhusa. Des alijibu, "Mimi ni mwenye nyumba wake." Akaambiwa kwa upole kwamba siku hiyo wanaoruhusiwa ni ndugu tu. Akashukuru, akatoka, akakaa ndani ya pikapu kwenye maegesho. Alikaa siku mbili.

Aliyemkuta ni Colin. Glad alikuwa amemlazimisha ampeleke kumwona mgonjwa, na keki mapajani. Walimkuta Des hajanyoa, anakula pai ya nyama iliyopoa, akitazama dirisha la ghorofa ya pili ambalo baadaye tuligundua halikuwa la Merv bali la stoo. Colin akamuuliza anafanya nini pale. Des akasema anasubiri. Anasubiri nini? Des akalionyesha dirisha kwa kidevu.

Glad anasema Colin alivua kofia yake, akaenda moja kwa moja mapokezi. Maneno aliyomwambia muuguzi tumeruhusiwa na yeye mwenyewe kuyasoma:

"Dada, yule mzee kule nje ni mke wa huyu mliyemlaza. Au huyu ndiye mke wa yule. Sijui wanapangaje, na si kazi yangu. Mwache aingie."

Muuguzi akasema angeingia tangu juzi kama angesema ukweli. Des akaingia. Merv alikuwa macho, akamwambia umechelewa, chai ya hapa ni mbaya, na kondoo umewaachia nani? Kisha, Glad anasema, wote wawili walilia, na Colin akatoka kwenda kuangalia kama gari lilikuwa bado lipo.

Karatasi ya Colin ilikuwa nyumbani, imeshajazwa hapana, imefungwa kwenye bahasha. Alipiga simu kuomba nyingine akidai ya kwanza imeliwa na mbwa. Colin hana mbwa.

Desemba sheria ikapita, na Machi mwaka huu Des na Merv wakaoana hapa klabuni, Merv akiwa na fimbo. Mfungishaji ndoa alipomuuliza Des kama anamkubali Merv, Des alimjibu kwamba swali hilo limechelewa sana, lakini ndiyo. Mchungaji alisema dhamira yake haimruhusu kushuhudia, akakaa barazani wakati wa viapo, kisha akaingia kwenye chakula na kula sahani tatu. Tunamheshimu kwa yote mawili.

Mwezi uliofuata tulibadilisha kanuni ya Kombe la Wanandoa kwa kura thelathini na moja dhidi ya tano. Des na Merv wakaingia. Wakatolewa raundi ya kwanza na Colin na Glad, ishirini na moja kwa sita. Mwaka wa kumi na mbili kombe liko juu ya friji ileile. Colin amekiri mbele ya kamati kwamba wasiwasi wake wote ulikuwa wa bure.

CHANGAMOTO

Tuna changamoto ya ambulansi, ambayo inatoka mbali. Merv alilala chini ya gata dakika sabini. Tuna changamoto ya simu, kwani mtandao unapatikana tu ukisimama juu ya benchi la tatu.

Changamoto ya tatu ilizua ubishi. Jimbo letu lilijibu ndiyo kwenye zile karatasi. Siku ya kura bungeni tulikusanyika hapa kutazama televisheni, na muda ulipofika kiti chako kilikuwa kitupu. Baadhi yetu tulisema umekwenda kunywa maji. Des alisema tukuache, maana anajua mtu anavyoweza kujikuta yuko maegesho. Hatukulaumu, Mheshimiwa. Tumeona tu kwamba ni vizuri ujue tulikuwa tunatazama.

MAOMBI

Kwanza, ambulansi. Pili, mnara wa simu. Tatu, Colin anaomba mvua. Kamati ilimweleza kwamba hilo haliko chini ya ofisi yako, akasema hakuna ubaya kuuliza.

La nne tulitaka kulisema faragha. Tulipiga simu ofisini kwako mara nne, tukaambiwa ujumbe utafikishwa. Kwa kuwa leo umekuja wewe mwenyewe, tunaufikisha.

Mwezi Julai tulipata barua kutoka kwa binti yako, Tamsin, ambaye hajaonekana mjini hapa kwa miaka sita. Aliona gazetini picha ya harusi ya Des na Merv. Anaishi Adelaide na mwenzake, mwanamke anaitwa Vasiliki, na wanataka kuoana. Aliandika hivi: "Nimekulia kwenye nyasi hizo. Nikiolewa mahali pengine nitajiona nimejificha. Naomba ukumbi, kama hamtaona vibaya."

Tuliwaita waje tuongee. Wakaja Jumapili moja, na Vasiliki, ambaye kwa kazi ni fundi bomba, akatengeneza choo cha wanaume kilichotushinda tangu 2011. Tuseme kweli: hilo peke yake lilimletea kura tisa. Ukumbi umetolewa bila pingamizi. Harusi ni Jumamosi, Machi tisa mwakani, saa tisa alasiri. Mama Elspeth ameshajiandikisha kwa keki mbili na ameshanunua kofia. Hatukuwa na hakika kama umeambiwa. Sasa umeambiwa.

Tamsin anasema alikutumia kadi mwezi Agosti na hajapata jibu. Alituomba tusikulazimishe, nasi hatukulazimishi. Hatukuombi ubadilishe msimamo, wala utoe hotuba, wala upige kura yoyote. Mchungaji atakuwa barazani, na kiti cha pili tutakiweka pale, kama dhamira yako itahitaji baraza.

Ila kuna jambo moja. Kutoka mlango wa klabu mpaka ukingo wa uwanja ni hatua thelathini na nne, Glad amezipima. Des alijitolea kutembea na Tamsin. Colin naye akajitolea, wakakaribia kugombana. Tamsin aliwashukuru wote wawili akakataa. Alisema mkono wake wa kulia una mwenyewe, na mwenyewe asipotokea, atatembea upande mmoja wa zulia na kuuacha upande wa pili wazi.

Zulia tumeshalinunua, Mheshimiwa. Ni la upana wa watu wawili.

Tunakutakia afya njema, safari salama na usingizi mzuri. Wanaosali miongoni mwetu watakuombea, na wasiosali watakufikiria.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Matufe ya Nyasi, Karrawilla