Mlango wa Mwanne Usio na Chaki

"Zoezi la Awali la Kubainisha Mipaka ya Maeneo ya Kuhesabia Watu, 1978": ndivyo ofisi ilivyoliita. Mwanne, muuza kahawa wa karibu na reli mjini Shinyanga, aliliita chaki tu. Makarani wawili walikuwa wamepita wakiandika namba milangoni, wa Eneo la Kumi na Nne asubuhi, wa Kumi na Tano alasiri. Mlango wake wakauruka wote wawili, kila mmoja akisema ni wa mwenzake. Sensa ya sitini na saba nayo ilimruka vivyo hivyo, kama dimbwi. Safari hii alikuwa ameapa hatarukwa. Akawa anamimina kahawa huku kanuna, na benchi zima la wateja likaona.

— Chini ya nyumba yako kuna dhahabu, alisema Makoye Sululu, mchimbaji aliyerudi kutoka machimbo ya Mwakitolyo mikono mitupu. Serikali haipaki chaki juu ya mali.

— Dhahabu ungeikalia mwaka mzima usiinuse? aliuliza Maulidi, aliyewahi kufagia mahakama na tangu hapo akaitwa Jaji. Hii ni sheria. Nyumba isiyo ya huku wala ya kule ni nchi. Mwanne anaweza kutoa pasipoti.

— Bebe Jaji, wewe, na bendera? aliuliza Sululu.

— Kanga yake. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mtoto anaingiaje hapo?

— Ndiye raia.

— Chekeni, alisema Mwanne. Siku nikifa, hakuna atakayejua kwamba Shinyanga imepungua mtu.

Ndipo akatokea binti kakumbatia ramani iliyoviringishwa kama mkeka.

— Shikamooni. Mimi Generosa, mchora ramani wa sensa. Hapa tumeandika mpaka unapita kwenye benchi la kahawa: magharibi yake Kumi na Nne, mashariki Kumi na Tano. Benchi lenyewe hukaa wapi?

Benchi hukaa kivulini. Asubuhi liko ukuta wa magharibi wa nyumba ya Mwanne, alasiri liko wa mashariki, na wabebaji ni Sululu na Jaji.

— Kumbe nawanywesha kahawa watu wanaonihamisha kila siku, alisema Mwanne.

— Ndiyo maana mgongo unaniuma, alisema Sululu. Nabeba mpaka wa serikali.

Generosa akafuta benchi kwenye ramani, akaandika reli. Mwanne akamshika mkono, akampeleka mlangoni.

— Andika kubwa, mwanangu. Hata wa garimoshi wasome.

Mpaka ulihamishiwa kwenye reli, nyumba ikaingia Kumi na Nne, na mwezi wa Agosti Mwanne alihesabiwa.