Kumuaga Mwalimu Aliyetuvusha Meza

Mheshimiwa Mchungaji Ezéchiel, wazee wa baraza la kanisa, Maman Julienne na kina mama wote wa kikundi cha ushonaji, Mama Blandina, mtunza ukumbi wetu, Bwana Pandu, uliyefunga duka lako la Isipingo mapema siku ya Jumamosi, jambo ambalo wanao wanasema hawajawahi kuliona, wageni waalikwa, wenzangu wa darasa, na wewe, Mwalimu Nduwimana, ambaye leo umekatazwa kusimama: habari za mchana.

Naitwa Laurette. Wengi wenu mnanijua kwa sura, si kwa sauti. Mimi ni yule msichana ambaye chumvi ikiwekwa upande wa pili wa meza, anakula chakula bila chumvi. Kwa hiyo mkiona karatasi hii inatetemeka, msidhani ni feni.

Wenzangu walinichagua niseme kwa niaba yao, na sababu yao haikuwa sifa. Hardy alisema mbele ya wote, "Tumutume Laurette. Akilia, wazee watatuhurumia." Hardy, nilisikia.

Mwalimu anaondoka Jumatatu kwenda Lusaka, alikopata kazi ya kufundisha, na ambako mke wake anamsubiri tangu vita viwatenganishe. Tunafurahi naye. Lakini chumba cha nyuma ya ukumbi huu, ambacho kila Jumamosi kilikuwa darasa letu, baraza limeamua kukipa kikundi cha ushonaji. Basi nimetumwa kwa mambo mawili: nimuage Mwalimu, halafu niwaombe wazee wabadilishe uamuzi wao. Naomba nianze na la kwanza.

Nani anakumbuka mwanzo, mwaka wa tisini na saba? Wazazi wetu walitutuma wakiamini tunakwenda kusaidiwa Kiingereza cha shule. Mimi nilikuwa nimesoma Kifaransa kule Bukavu, na hapa Durban nikatupwa ndani ya Kiingereza. Katikati ya lugha hizo mbili nilisimama kimya, kama mtu anayengoja robot, taa ya barabarani, igeuke kijani nayo haigeuki. Tukaingia chumbani, tukakuta ubao ni mlango wa zamani ulioegemezwa ukutani, bado una tundu la ufunguo, na Mwalimu anaandika kulizunguka. Aliandika neno moja: Athene.

Alituambia kwamba katika mji huo, mtu akishtakiwa, alisimama mbele ya raia wenzake akajitetea kwa kinywa chake mwenyewe. Ndiyo maana walikuwepo walimu waliokwenda mji hadi mji wakiuza ufundi wa kusema, na vijana wa matajiri wakawalipa vizuri. Halafu alikuwepo Sokrate, mtoto wa mchonga mawe, asiyetoza ada na asiyeacha maandishi, aliyewasimamisha watu sokoni na kuwauliza: unasema ushujaa, haya, ushujaa ni nini? Tulipofika pale ambapo Sokrate alishtakiwa, akajitetea, akashindwa na kunyweshwa sumu, Hardy aliruka kitini.

"Eish, Mwalimu! Sasa faida yake iko wapi? Mimi nitasoma kwa wale wa kulipwa!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Sharp, Hardy," akasema, nasi tukacheka zaidi, maana neno hilo la vijana wa mtaani, la kusema "sawa kabisa", lilimkaa kama kofia ya mtu mwingine.

Mnakumbuka siku za mashindano ya farasi? Tukiwa katikati ya mjadala, umati wote wa uwanja wa farasi wa Greyville, hapo jirani, ulipiga kelele hadi vioo vikatikisika. Mwalimu aliinua kidole. "Wanamshangilia nani? Farasi. Na farasi hajui ameshinda nini." Kisha akatugeukia sisi tuliopenda makofi. Siku hizi nikisikia kelele zile huinua kidole peke yangu, na mdogo wangu huniuliza kama ninaumwa.

Na mimi niliyekuwa nikikaa kimya Jumamosi baada ya Jumamosi, je, alinilazimisha? Hapana. Wenzangu waliponicheka aliwaambia, "Aliyenyamaza hajashindwa. Bado hajaulizwa vizuri." Nilikwenda nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi asiyejua aiweke wapi.

Lakini sijawaambia bado ile desturi yake, na bila hiyo hamtamwelewa. Kwetu, anayeshinda mjadala hapongezwi. Anainuka, anaizunguka meza, anakaa kwenye kiti cha aliyeshindwa, na anautetea upande ule ule aliotoka kuubomoa, mpaka mwenye upande huo aseme kwa hiari yake, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoona." Tuliita kuvuka meza. Mwalimu alisema nusu ya kwanza ameiazima kwa wale walimu wa kulipwa, waliojivunia kutetea pande zote mbili. Nusu ya pili, ile ya kumrudia mwenyewe na kumuuliza, ni ya Sokrate. "Nimewaozesha," alisema. "Wakikaa mbalimbali, mmoja anakuwa tapeli na mwingine anauawa."

Mama Blandina, niruhusu nisimulie. Vijana tulitaka ukumbi huu Jumamosi jioni kwa ajili ya muziki, na Mama Blandina alikataa. Hardy akamwendea, nasi nyuma yake tukiwa kundi zima.

"Mama, ukumbi huu ni wa nani?"

"Wa Mungu."

"Na sisi ni watoto wa nani?"

"Wa Mungu."

"Sasa mtoto anafungiwa nje ya nyumba ya baba yake?"

Mama Blandina alibaki na funguo mkononi. "Wewe kijana," akasema, "ulimi wako huo utakuponza." Akafungua.

Tulicheza! Jumamosi iliyofuata tukaja darasani tukijigamba, tukingoja kusifiwa. Mwalimu hakutabasamu. "Mlimshinda," alisema. "Haya, mvukieni meza." Tukaenda kumtafuta, tukamkuta amepiga magoti anasugua sakafu.

"Leo ndiyo mnakuja kuuliza?" alisema. "Haya, sikieni. Ninyi mkimaliza kuruka, mimi ndiye nasafisha kabla ya ibada. Nikimaliza, taxi za kunirudisha nyumbani Cato Manor zimekwisha. Nalala hapo, kwenye benchi."

Hardy alirudi chumbani akautetea upande wa Mama Blandina, naye amesimama mlangoni na ndoo yake. Alitetea vizuri kuliko alivyowahi kujitetea. Alipomaliza, Mama Blandina aliitikia kwa kichwa: "Hivyo hivyo, mwanangu. Ila hukuitaja baridi." Tangu hapo, mnaokuja hapa Jumamosi mmetuona sisi na mifagio kabla jua halijashuka. Sasa mnajua kwa nini.

Nimefika kwenye jambo la pili. Wazee wangu, hoja zangu ziko hapa, upande wa nyuma wa karatasi. Nilipomaliza kuziandika nilizisoma kwa sauti, mlango umefungwa, nikaona zinashinda. Nilifurahi kidogo. Kisha nikapata shida, maana aliyeshinda anatakiwa ainuke.

Nilikwenda Greyville, kwenye ghorofa wanakoshonea kina mama. Wanashonea kwenye korido. Kila jirani akitaka kupita, mashine inainuliwa, kitambaa kinakunjwa, wote wanasimama wakibana ukutani, halafu wanaanza upya. Nilipokuwa pale alipita mtu na godoro.

Maman Julienne aliniona nimesimama. "Pita, mutoto, pita! Umekuja kushonesha ao kuchungulia?"

Nikasema, kuchungulia.

"Basi chungulia ukiwa umekaa," akasema, akanipa kiti chake, akaendelea kukata kitambaa amechuchumaa. Akaniambia kanisa litawapa chumba, na kwamba siku ya kwanza hatashona kitu chochote. Atanyoosha miguu tu. Hakujua nimetumwa kukiomba chumba hicho hicho. Sikuweza kumwambia.

Kwa hiyo, wazee wa baraza, siombi mbadilishe uamuzi. Wapeni kina mama chumba. Hardy, usinitazame hivyo. Ulinituma nilie, nami silii.

Kuna jambo lililobaki, nalo si la wazee. Nimefikiri kwamba labda Jumamosi mchana tungeweza kukaa kwenye kona moja ya chumba hicho, kina mama wakishona na sisi tukijadili, wakituingilia wanapotaka. Ningeweza kumuuliza Maman Julienne sasa hivi, mbele ya Mchungaji, mbele ya wageni, pilau likinukia. Angekataaje? Angesema ndiyo, mngepiga makofi, nami nisingejua kamwe alichotaka kusema. Maman, usinijibu hapa. Nitakuja koridoni, tukiwa wawili, nikuulize vizuri, nawe utakuwa huru kuniambia hapana. Najua kwa kulitaja tu nimeshakusukuma kidogo. Nisamehe, ndiyo kwanza najifunza.

Mwalimu, nenda salama. Msalimie mama huko Lusaka, umwambie alituazima mtu wake kwa miaka migumu, na tunamrudishia kwa shukrani, ingawa si kwa haraka ya moyo.

Asanteni sana nyote kwa kunisikiliza. Nimeinua macho sasa hivi kwa mara ya kwanza, na naona bado mko.