Mafuta Hayakuibwa

Sogeeni karibu, wanangu, nisilazimike kupaza sauti, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubishana. Wewe kitinda mimba, acha hilo dirisha, njoo ukae. Na wewe binti yangu, futa machozi. Kulia utalia baadaye, leo nataka masikio yako.

Mnakikumbuka kijiti cha baba yenu. Kila jioni boti ikifungwa gatini alikichovya kwenye tangi akatazama petroli imefika alama ipi, kwa kuwa ile mashine yetu kuukuu, ya kuchanganya petroli na oili, aliijua kama alivyolijua tumbo lake: kwenda na kurudi, na abiria na magunia, dumu moja, basi. Miaka kumi na mmoja haikuongeza hata kikombe. Kisha mwaka ule ikaanza kunywa dumu moja na nusu, na aliyekuwa akiiendesha na mzigo ni kaka yenu mkubwa. Baba yenu akasema kikulacho ki nguoni mwako.

Kaka yenu alimweleza, nilikuwepo. "Baba, mashine inalemewa. Propela hii mpya ni kubwa kuliko nguvu zake. Plagi nazisafisha kila siku, zimejaa masizi." Baba yenu akacheka kile kicheko chake kikavu. "Kumbe propela ya mama yako ndiyo inayouza petroli vichochoroni?" Na gati zima likacheka naye.

Propela ya mama yako. Ndiyo, niliinunua mimi. Ilikuwa inang'aa, mabapa yake yamejipinda kuliko ya ile ya zamani, na muuzaji akaniambia, "Mama, hii ikizunguka mara moja, boti imekwenda hatua mbili." Ubavuni ilichongwa namba, lakini mimi namba ninajulia wapi? Nikaona nitamfurahisha mume wangu, aache kupitwa na boti ya jirani. Akaijaribu asubuhi, boti tupu, ikaruka kweli, akanisifu mpaka nikaona haya. Hakuijaribu na mzigo hata siku moja, mzigo ulikuwa kazi ya kaka yenu. Sasa mtwikeni mzee gunia la kijana, mwambieni akimbie: atahema, atamaliza mtungi wa maji, na kufika mapema hafiki.

Ningeweza kusema, mume wangu, rudisha ile ya zamani siku tatu tu, tuone. Neno dogo hilo. Sikulisema. Niliona aibu zawadi yangu iitwe mbovu mbele za watu. Na siku baba yenu alipomfukuza, mwanangu akafunga nguo zake, akasimama hapo mlangoni, akaniuliza, "Mama, na wewe?", nikamjibu kwamba mwizi wa nyumbani hafungiwi mlango. Yalitoka kinywani humu humu, wanangu. Aliinama akavaa viatu, akachelewa kufunga kamba, nadhani alikuwa akinipa nafasi.

Nipeni maji kidogo. Yanatosha.

Baba yenu alipokwisha kufa, ile propela ikagonga jiwe, bapa moja likakatika. Fundi akaitoa ya zamani chini ya kitanda changu akaifunga. Jioni yake nikachovya kijiti kwa mkono wangu. Dumu moja. Kesho yake, dumu moja. Kesho kutwa, na magunia yamejaa hadi ukingoni, dumu moja. Nikakaa kwenye ngazi za gati mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu hapo ni miaka saba, nawe kitinda mimba ukinisifu kwa watu eti mama yetu anajua kubana mafuta, nami nikiitikia kwa kichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi sikilizeni ninavyoagiza. Vyumba hivi viwili ni vya binti yangu. Chombo ni cha kitinda mimba. Mashine ni ya kaka yenu. Usinune, kitinda mimba, nakuona. Wewe na mbao zako, yeye na mashine yake. Mkikosana, hakuna atakayevuka, na nimetaka iwe hivyo. Mashine ile muipime na mzigo, msiipime tupu. Na mtu vilevile.

Kaka yenu yuko ng'ambo, anatengeneza baiskeli karibu na kivuko. Nimemtumia salamu mara mbili, salamu tupu, bila neno lenyewe, na hakujibu, hana kosa. Mleteni hadi gatini. Alitukanwa gatini, asafishwe pale pale, mchana, watu wakiwepo. Wewe binti yangu useme, una sauti: mafuta hayakuibwa, mama alijua, mama alinyamaza. Usipunguze neno ili kunisitiri. Akikataa kuingia humu ndani, msimvute.

Mungu awape… awape vifua vya kubeba, na ndimi nyepesi kuliko wangu. Mikono yenu ipate. Watoto wenu wasi… wasifukuzwe na mtu.

Hapana, mwanangu, usinibebe. Nimekusikia ukinong'ona na dada yako habari za kunivusha kwenda hospitali. Petroli iliyomo tangini ni ya safari moja, kwenda na kurudi. Si yangu hiyo. Nenda… nenda kamchukue kaka yako.